Anza na maharage: namna ya kupunguza mkaa nyumbani hatua kwa hatua

Wadau habari zenu. Naandika hii kwa sababu kila nikisema gunia la mkaa kwangu siku hizi linakaa zaidi ya miezi minne watu wanadhani nina hela ya gesi ya kumwaga, hamna, ni mpangilio tu. Mi naishi Tabata, nyumba ya kupanga, tuko watu sita ndani ukimhesabu na mama mkwe ambaye vitu vya kisasa jikoni hataki hata kuvisikia (atatokea huko mbele), na zamani gunia lilikuwa linakata wiki tano, likikazana sana sita, afu kipindi cha mvua bei inapaa na mkaa wenyewe unakuja umelowa.

Kosa ambalo karibu kila mtu analifanya, na mi nililifanya, ni kuanza kwa kununua. Mtu anasikia nishati safi nishati safi redioni, anakimbilia mtungi wa kilo 6, siku ya kwanza anaubandikia makande masaa matatu, wiki mbili mtungi mweupe, anaapa gesi ni ya matajiri, mtungi unageuka kigoda cha kukalia watoto. Nimeingia nyumba nyingi tu nimekalia vigoda vya hivyo. Shida sio gesi, shida ni kwamba chakula kimepelekwa kwenye moto usiokuwa wake. Kwa hiyo usifikirie "nahama kutoka mkaa kwenda gesi", fikiria chakula kimoja kimoja, kipi kinatoka kwenye mkaa kwanza, na cha kwanza kutoka ni maharage.

Hatua ya kwanza: wiki mbili za daftari, usinunue chochote

Chukua daftari la shule, kila ukiwasha jiko andika umepika nini, umeanza saa ngapi, umemaliza saa ngapi, na umetia mkaa kiasi gani. Kipimo chochote kinatosha, mi nilitumia kopo la maziwa la kilo moja, kila kopo mstari mmoja. Mwambie na dada wa kazi au watoto nao waandike, maana wao ndo wanaotia mkaa wa kuchemshia maji ya kuoga ukiwa haupo.

Baada ya wiki mbili utashangaa. Mi nilidhani ugali na chai ndo vinakula kwa sababu vinapikwa kila siku, kumbe maharage, makande, supu ya makongoro na maji ya kuoga vilikuwa vimekula zaidi ya nusu ya makopo yote, na hivyo vinne havipikwi hata kila siku. Kitu kingine nilichokiona ni mkaa unaoungua bila sufuria juu. Unawasha jiko, unasubiri likolee, unapika chai dakika kumi, afu makaa mazima mekundu yanakaa pale yanawaka bure mpaka yanakuwa majivu. Nilianza kuandika na huo muda, na roho iliniuma.

Na ukitaka roho ikuume zaidi, piga hesabu ya nyuma ya gunia. Kwenye tanuru la udongo la kule porini kilo moja ya mkaa inaweza kula kilo tano mpaka kumi za mti, inategemea fundi na ukavu wa kuni. Gunia la kilo 50 basi ni robo tani mpaka nusu tani ya miti, na kwenye jiko la bati tupu sehemu kubwa ya joto lenyewe inapotelea hewani. Yaani unachoma mti mara mbili, mara moja porini mara moja uani.

Hatua ya pili: vile vya bure kwanza

Hapa watu wanaparuka kwa sababu hamna cha kununua, wakati mi hapa peke yake pameniokolea karibu robo ya mkaa.

Loweka maharage usiku. Najua bibi zetu walikuwa wanaloweka, sijui sisi tuliacha lini. Maji mengi, usiku kucha, asubuhi mwaga yale maji weka mapya. Maharage yaliyolowekwa yanaiva karibu nusu ya muda, na tumbo nalo linashukuru. Mahindi ya makande, choroko kavu na njegere kavu ni hivyo hivyo.

Funika sufuria. Chukua mfuniko unaobana sio sinia linalochezacheza juu. Maji yakishachemka punguza moto, maana maji yakishafika pale kwenye kuchemka hayapandi joto tena hata uyafokee, moto mkubwa unafukuza mvuke tu.

Maji ya kuoga, paka rangi nyeusi dumu mbili za lita 20 au tafuta dumu nyeusi, zijaze asubuhi ziache juani sehemu isiyo na upepo, kwa jua la Dar jioni unaoga maji ya uvuguvugu bila kuwasha kitu. Usiyanywe tu hayo, ni ya kuoga. Watu wa Njombe na Makete mtanicheka, sawa, nyie baridi yenu ni nyingine.

Sasa kapu. Hiki ndo kitu nachokipenda kuliko vyote humu na ndo kitu watu wanakidharau kuliko vyote. Ni kapu la kulaza chakula kikaendelea kuiva chenyewe bila moto. Chukua tenga au kapu kubwa la ukindu ambalo sufuria yako ikiingia inabaki nafasi ya kama upana wa kiganja kila upande, chini na juu pia. Jaza hiyo nafasi na kitu kinachoshika joto, mabaki ya godoro, sufi, nguo kuukuu zilizokatwakatwa, blanketi bovu. Shona mto wa kufunika juu unaobana vizuri. Ndani tandika kitambaa cha kufulika maana kuna siku mchuzi utamwagika, utamwagika tu.

Namna ya kutumia ni hivi. Mchele, chemsha na maji yake dakika tano mpaka saba, funika, zima, ingiza kwenye kapu haraka, usifungue dakika 45 mpaka saa nzima. Maharage yaliyolowekwa, chemsha kwa nguvu nusu saa, ingiza kapuni masaa matatu, yakitoka yachemshe tena ndo uunge. Ile nusu saa ya kuchemka kwa nguvu usiifupishe, hasa maharage mekundu, yana sumu yake ya asili ambayo moto wa uvuguvugu hauiui na ukila hayajachemka sawasawa utatapika. Na sufuria iwe imejaa angalau theluthi mbili, chakula kidogo kwenye sufuria kubwa kinapoa haraka kapu litaonekana bovu. Usifungue fungue kuchungulia. Mama mkwe alikuwa anafungua kila dakika kumi "nione kama lina moto", lazima wali utoke na kiini.

Nyama na supu nazo zinakubali, ila mi huwa nahakikisha nikifungua bado ni ya moto kiasi cha kuunguza kidole, ikiwa vuguvugu narudisha jikoni ichemke tena kabisa. Usilaze nyama kapuni mpaka kesho yake, hapo unafuga bakteria.

Hatua ya tatu: jiko la presha la umeme, hapa ndo maharage yanahama

Hapa ndo utatoa hela kwa hiyo nenda taratibu.

Nazungumzia lile jiko linalofanana na rice cooker iliyonenepa, lina mfuniko wa kufunga na kuzungusha, vitufe mbele. Sio hotpleti na sio koili, hivyo viwili vinakula umeme kweli na ndo vimeharibia umeme jina jikoni. Tofauti ni kwamba hili lina kuta zinazoshika joto na linapika kwa mvuke uliobanwa, joto ndani linapanda mpaka kama nyuzi 115 hivi au 120 badala ya 100, afu presha ikishafika linajizima, linawaka kidogo kidogo tu kuishikilia. Kwa hiyo hata kama limeandikwa wati 1000 na limepika saa nzima, halijala uniti moja nzima (uniti ni kilowati-saa, yaani wati-saa 1000). Kwa wanaoishi juu, Mbeya, Njombe, Arusha, faida ni kubwa zaidi maana huko maji yanachemka kabla ya kufika nyuzi 100 ndo maana maharage yenu yanachukua siku nzima.

Jinsi ya kuhakikisha mwenyewe usiniamini mimi: soma mita ya LUKU kabla, zima vitu vingine vyote ikiwezekana na friji, pika nusu kilo ya maharage yaliyolowekwa, soma tena. Kwangu ilitoka sifuri nukta nne ya uniti. Kwa sisi wa T1, lile daraja la kawaida la bei ya umeme, ukijumlisha VAT na zile tozo za REA (umeme vijijini) na EWURA (mdhibiti wa nishati na maji), uniti moja inatoka kama shilingi 356, kwa hiyo sufuria la maharage ni shilingi 140 na kitu. Weka pembeni makopo ya mkaa uliyoandika kwenye daftari kwa sufuria hilo hilo uone. Mi nilirudia mara tatu nikidhani mita ina tatizo.

Walio kwenye D1, daraja la watumiaji wadogo, wale wanaolipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi, kwenu ni rahisi zaidi ila angalieni, mwisho wenu ni uniti 75 kwa mwezi na ukizidi zile za ziada unalipia bei kubwa. Maharage kila siku kwa mwezi ni kama uniti 12. Kama sasa hivi unatumia 50 unaenda vizuri, kama uko 70 tayari piga hesabu kwanza. Na tafadhali msilaumu jiko mwanzo wa mwezi, ile 1,500 inayokatwa ukinunua tokeni ya kwanza ni kodi ya jengo, haihusiani na maharage. Mume wangu tuligombana wiki nzima kwa ajili hiyo.

Kununua, angalia haya. Lita tano au sita zinatosha familia ya watu sita. Sufuria ya ndani itoke na iwe nzito, ukiikuta nyepesi kama kopo la bati achana nayo. Muulize muuzaji kama ule mpira wa mfuniko anauuza peke yake na akuonyeshe kwa macho, sio "tutakuagizia". La kwangu la kwanza nilinunua duka moja Kariakoo, mpira ukalegea mwezi wa tano, naenda dukani naambiwa ninunue jiko jipya. Warantii ilikuwa karatasi nzuri sana yenye muhuri, kumbe mpira "haumo kwenye warantii". La pili nilinunua na mipira miwili ya akiba kabisa.

Soketi ndo jambo la hatari. Chomeka ukutani moja kwa moja, usichomeke kwenye ekstensheni nyembamba iliyobeba tv na friji na chaja tatu. Baada ya dakika ishirini shika plagi, ikiwa ya moto kiasi cha kukufanya uondoe mkono, zima umwite fundi, hiyo waya ni nyembamba au soketi imelegea. Nyumba nyingi za kupanga waya zake zilivutwa kwa ajili ya taa na redio. Pia kama umeme wenu unapungua sana saa moja usiku, taa zinakuwa njano, pika maharage asubuhi au mchana, jiko halitafika presha usiku huo utakaa unalitazama.

Mnaochangia mita moja wapangaji wanne, hii ishu itazua ugomvi hata kama unatumia kidogo, kwa sababu jiko linaonekana. Kaa nao kabla ya kununua sio baada. Mi nilipika maharage uani mbele yao wote, mita ikasomwa na kijana wa chumba cha nne ambaye ndo mbishi kuliko wote, tukakubaliana naongeza elfu tano kwa mwezi kwenye mchango. Najua nazidisha, ila amani ina bei yake. Suluhisho lenyewe ni sabumita kila chumba, mwenye nyumba akikubali.

Kupika sasa. Usijaze zaidi ya nusu kwa maharage na nafaka kavu, yanavimba na povu linaziba ile tundu ya mvuke. Maji weka machache kuliko ulivyozoea, mvuke hautoki kwa hiyo hayapungui. Maharage yaliyolowekwa dakika 25 mpaka 35, makande dakika 50, makongoro saa nzima. Likimaliza usilazimishe mfuniko, subiri kile kipini kidogo kishuke chenyewe. Kutoa mvuke kwa mkono tumia mwiko mrefu na uso uwe mbali, na watoto watoke. Osha ule mpira kila siku, na pitisha kijiti kwenye tundu la mvuke, uchafu ukiziba pale ndo zile hadithi za jiko kulipuka zinapoanzia.

Na ladha. Mama mkwe alisema maharage ya umeme hayana moshi, yanafanana na ya hospitali. Nilichofanya, nachemsha kwenye presha afu naunga kwenye sufuria ya kawaida na kitunguu, nyanya, nazi, taratibu. Siku ya tatu nilimpa bila kumwambia yametoka wapi akaongeza sahani. Nilipomwambia alisema "nazi ndo imesaidia". Sawa mama.

Hatua ya nne: gesi kwa vya haraka tu

Maharage, makande na supu zikishatoka, mtungi wa kilo 6 ndo unakuwa na maana. Chai, uji wa mtoto, mayai, mboga za majani, kuunga, kupasha, ugali wa watu wachache. Vitu vya chini ya nusu saa. Weka sheria hiyo jikoni, kitu cha zaidi ya nusu saa hakigusi gesi. Mtungi uliokuwa unanikatia wiki mbili na nusu ukaanza kwenda mwezi na siku kadhaa.

Ukienda kubadilisha, pima. Kila mtungi umeandikwa uzito wake mtupu kwenye shingo au kwenye mkono, kilo kadhaa na pointi. Muuzaji anatakiwa awe na mzani. Uzito wote toa uzito wa mtupu, ibaki 6. Ikibaki tano na nusu mwambie akupe mwingine, bila aibu, hela ni yako. Namna hiyo hiyo unaweza kujua nyumbani gesi imebaki kiasi gani, kwa mzani wowote hata wa dukani kwa mangi.

Usalama nitauandika kwa kirefu kidogo kwa sababu huku uswahilini tunapika chumbani tunapolala. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja haipandi juu, inakaa chini sakafuni inatambaa kama maji, inaweza kwenda kukutana na jiko la mkaa la jirani uani. Kwa hiyo mtungi usimame wima, sehemu yenye upenyo wa hewa chini, sio dirisha la juu tu. Kila ukifunga mtungi mpya paka maji ya sabuni kwenye maungio yote, mapovu yakikua gesi inavuja. Usitumie kiberiti kupima, kuna watu wanafanya hivyo na wanajisifu. Kale kampira ka mviringo kwenye mdomo wa mtungi kakipasuka au kakikosekana, usifunge, rudisha. Wenye mtungi mkubwa wa regulata na mpira, ukunje mpira uangalie, ukiona nyufa badilisha.

Ukisikia harufu, funga mtungi, fungua milango yote, toa watu, na usiguse swichi ya taa, si kuwasha si kuzima, maana cheche ni ile ile. Simu pigia nje. Zimamoto ni 114. Usiku kabla ya kulala funga kwenye mtungi wenyewe sio kwenye kitufe cha jiko tu.

Hatua ya tano: mkaa uliobaki

Mi sijaacha mkaa na sitawadanganya. Chapati za Jumapili, mahindi ya kuchoma, samaki wa kupaka, pilau la wageni ishirini, hivyo bado. Lakini kwa jiko zuri. Jiko lenye udongo ndani, lile ambalo Wakenya walilisambaza miaka ya 1980 na likaigwa kila mahali, linatumia mkaa mdogo kuliko la bati tupu kwa sababu udongo unalirudisha joto kwenye sufuria. Ukinunua gonga udongo kwa kidole, ukilia kama chungu kizima sawa, ukilia pwa kuna ufa. Angalia umeshikana na bati, ukiutikisa usicheze. Na sufuria ikae chini karibu na makaa, sio inaelea juu kwenye vyuma virefu.

Toa majivu kabla ya kuwasha, hewa ipite. Panga vyakula vifuatane kwenye moto mmoja, kinachotaka moto mkali kwanza, cha kupasha mwisho. Ukimaliza, makaa yaliyobaki tia kwenye ndoo ya bati yenye mfuniko unaobana, yatazimika yenyewe kwa kukosa hewa na kesho unayo. Usiyamwagie maji.

Kuna na mkaa mbadala, ule wa kubanwa, wa vumbi la mkaa au pumba au makaa ya mawe kama ule wa STAMICO, shirika la madini la serikali. Unachelewa kushika ila unakaa muda mrefu, kwa mama lishe unafaa sana, kwa mtu anayetaka chai ya haraka utamkera.

Na jambo moja silifanyii mzaha, jiko la mkaa lisilale ndani, hata mvua inyeshe, hata mtoto awe na baridi. Ile hewa ya kaboni monoksaidi haina harufu na haina moshi, makaa mekundu yasiyotoa moshi ndo yanaitoa vizuri zaidi, unalala huamki.

Vipi kuhusu sola na biogesi

Nimeulizwa sana hii. Paneli ya wati 100 kwa jua letu, ukitoa upotevu, inakupa kama wati-saa 400 kwa siku. Ndo ile ile 0.4 ya uniti, sufuria moja la maharage, afu taa hakuna na simu hakuna. Kwa hiyo ile seti ndogo ya taa tatu na redio usiidai ipike, itakufa betri bure. Aliyeko kijijini bila umeme na anataka kupikia presha kwa sola, aanzie paneli za jumla wati 400 au 500, betri ya lithiamu ya angalau uniti moja na nusu, na inveta inayobeba wati 1500 bila kulia. Sio hela ndogo, kikundi kinaweza. Betri za gari usitumie, zimetengenezwa kuwasha injini, ukizimaliza mara kadhaa zimeisha.

Biogesi ni ya mwenye ng'ombe wanaolala zizini, wawili au zaidi, na maji karibu, kwa sababu kila siku unachanganya samadi ndoo kwa ndoo na maji. Ng'ombe wa kuchunga mchana kutwa samadi inabaki njiani. Mtambo wa kuba la chini ya ardhi CAMARTEC, kile kituo cha serikali cha teknolojia za kilimo na vijijini kule Arusha, wamehangaika nao tangu miaka ya 1980, waulizeni wao au fundi aliyefundishwa huko, msichukue fundi wa choo mkamwambia achimbe tu. Ile mbolea inayotoka ni nzuri kuliko gesi yenyewe kama una migomba.

Hatua ya sita: kufanya na wenzako

Mtu mmoja akipunguza mkaa ni nafuu ya nyumba yake, mtaa mzima ukipunguza ndo unaona tofauti, na pia bei mnaipata nzuri. Serikali ina ule mkakati wa 2024 mpaka 2034, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034, lakini mkakati hauji kukugongea mlango na jiko mkononi. Sisi tulitumia kikoba, kikundi chetu cha kuweka na kukopeshana.

Tulifanya hivi. Wanawake kumi na moja, kila mmoja alileta daftari lake la wiki mbili, hakuna daftari hakuna jiko, hii sheria ilichuja waliokuja kwa fasheni. Afu siku moja ya kupika pamoja uani, majiko mawili ya kuazima, maharage yale yale kilo ile ile, moja mkaa moja presha, kila mtu anaona mita na anaonja. Bila kuonja hamtafika popote. Afu kikoba kinakopesha, marejesho kila wiki, na tulipanga rejesho liwe sawa na hela ambayo mtu alikuwa ananunulia mkaa wa maharage, kwa hiyo hakuna aliyesikia maumivu mapya. Miezi minne wengi wamemaliza, wawili walichelewa, mmoja jiko liliungua kwa umeme kupanda ghafla, tukajifunza kununua na kilinda umeme.

Kununua kwa pamoja, peleka watu watatu dukani sio mwenyekiti peke yake. Bei iandikwe kwenye risiti ya EFD. Chomeka kila jiko pale pale dukani, chemsha maji ndani, lifike presha, ndo mlipe. Kikundi kinunue boksi la mipira ya mfuniko likae kwa mtu mmoja, na fundi mmoja wa mtaani mumlipe aje ajifunze kufungua na kufunga hilo jiko likiwa zima, sio siku limekufa.

Mama lishe na shule ni habari nyingine kidogo. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku zilishatakiwa ziache kuni na mkaa tangu 2024, kwa hiyo mzazi uliye kwenye kamati ya shule una pa kuanzia, uliza kwenye kikao jikoni kunawaka nini na gharama kwa mwezi ni shilingi ngapi, na uombe waonyeshe daftari. Kama hawana daftari, basi na wao waanzie hatua ya kwanza. Na zile shughuli zetu, misiba na harusi, mtaa ukiwa na jiko moja kubwa banifu la sufuria la kilo 20 za mchele, linalokodishwa kama viti na maturubai, linajilipa lenyewe. La kwetu bado tunachangishana, limefika nusu. Mama mkwe kachanga elfu kumi, kasema ni kwa ajili ya pilau tu, maharage asipelekewe huko.